Kiporo cha Kubeba Kazini

Mtu anayeishi Mbagala au Gongo la Mboto na kufanya kazi Posta au Kariakoo jijini Dar es Salaam hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili awahi usafiri kabla foleni haijaziba barabara. Saa hiyo hana hamu ya kula wala hana muda. Njaa inamkuta saa nne asubuhi akiwa kazini, na njaa ya saa nne haichagui: chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari, chapati mbili au maandazi yaliyokaangwa tangu usiku. Mimi ni mtaalamu wa lishe, na sioni faida ya kumwambia mtu huyu ale mboga na matunda kabla sijamuuliza mambo mawili. Hicho chakula cha saa nne kitatoka wapi? Na kitakuwa kimekaa kwa muda gani tangu kiipuliwe jikoni?

Tuanze na chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati tunayopata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25, ambazo ni vijiko vidogo sita hivi. Vikombe viwili vya chai ya vijiko vitatu vitatu vinamaliza vijiko hivyo vyote kabla ya adhuhuri. Andazi nalo ni unga mweupe, sukari na mafuta. Linajaza tumbo upesi, lakini protini na nyuzinyuzi zake ni kidogo, kwa hiyo haishangazi mlaji wake kutafuta soda au biskuti kabla ya chakula cha mchana.

Jibu langu ni kiporo. Wengi wetu tumelelewa nacho: maharage yaliyolala, wali wa jana uliopashwa, viazi vitamu vya kuchemsha vilivyobaki jioni. Tukishaajiriwa tunakionea haya, tunakiona ni chakula cha dhiki. Kwa upande wa lishe, sahani hiyo ya jana mara nyingi inakipita kwa mbali kile kinachouzwa nje ya geti la ofisi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni makande. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi; maharage nayo ni haba kwa methionini, na hiyo mahindi yanayo zaidi. Vikipikwa katika sufuria moja, kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina takriban gramu 15 za protini pamoja na nyuzinyuzi nyingi, na mtu aliyekula bakuli la makande saa nne anafika saa saba akiwa na utulivu. Loweka mahindi na maharage Jumamosi usiku, mwaga maji ya kulowekea, chemsha Jumapili hadi yaive kabisa, kisha unga kwa kitunguu, nyanya, karoti na mafuta kidogo. Tui la nazi liache kwa ajili ya sehemu itakayoliwa siku hiyohiyo, maana huchacha upesi. Makande yanayobaki yagawe kwenye vikopo vyenye mifuniko, kila kimoja mlo mmoja, na ugandishe. Mahindi yasiyokobolewa huchelewa kuiva, lakini uvumilivu huo unalipa, kwa sababu ganda lake ndilo lenye nyuzinyuzi.

Viazi lishe, vile vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, navyo vinastahili nafasi. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani walipewa watafiti wanne, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, na watatu kati yao walituzwa kwa kazi ya kuviendeleza na kuvisambaza viazi hivi Afrika. Rangi yake ndiyo ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Lakini vitamini hiyo huhitaji mafuta ili ifyonzwe vizuri, hivyo kiazi cha kuchemsha kisisafiri peke yake. Kifuatane na parachichi au karanga.

Sasa suala la muda, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Bakteria wanaosumbua matumbo yetu huzaliana kwa kasi kati ya nyuzijoto 5 na 60. Joto la jikoni Dar es Salaam, hata usiku, liko katikati ya eneo hilo. Ndiyo maana chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa nje zaidi ya saa mbili. Wali unahitaji uangalifu wa pekee. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani hadi asubuhi, mbegu hizo huamka, huzaliana na kutoa sumu ya kutapisha ambayo haiharibiki kwa kupashwa moto. Mtu anaupasha mpaka unatoa moshi, anaamini uko salama, na saa chache baadaye anatapika. Kosa lilifanyika usiku, saa ya kulala.

Kwa hiyo pakua chakula cha kesho kabla ya watu kuketi kula cha leo. Kikitolewa kwanza, hakijaguswa na mikono wala vijiko vya watu, na bado una muda wa kukipoza. Kisiachwe kimerundikana ndani ya sufuria nzito, kwa sababu katikati hupoa polepole mno. Kitandaze kwenye chombo kipana kisichozidi kina cha vidole vitatu, weka chombo hicho ndani ya beseni la maji baridi, ukoroge mara mbili tatu, kikishapoa kitie kwenye friji kabla saa mbili hazijapita. Umeme ukikatika, usifungue mlango ovyo: friji iliyofungwa hutunza ubaridi kwa takriban saa nne, na friza iliyojaa kwa takriban siku mbili.

Asubuhi kuna njia mbili tu za kusafirisha kiporo: kikiwa moto sana au kikiwa baridi sana. Wengi wanateleza kwenye hotpoti. Wanatia makande ya vuguvugu humo wakidhani chombo kitayatunza, na kweli kinatunza uvuguvugu uleule ambao bakteria wanaupenda. Pasha mpaka chakula kichemke chote, hata katikati. Wakati huohuo jaza maji yanayochemka kwenye chupa ya chuma ya kutunza joto yenye mdomo mpana, yakae dakika tano, yamwage, kisha tia chakula na ufunge mara moja. Hotpoti nyingi za plastiki haziwezi kutunza joto hilo hadi saa nne. Ipime yako siku ya mapumziko: jaza maji yanayochemka alfajiri, funga, na saa nne mimina kidogo kwenye kikombe. Kama yanaweza kunywewa bila kupulizwa, chombo hicho hakikufai kwa safari ndefu. Kwa njia ya baridi, gandisha chupa ya maji ya nusu lita na uilaze pembeni ya kopo la chakula ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Saa nne chakula bado kitakuwa baridi, na maji ya kunywa unayo.

Mayai ya kuchemsha yafuate njia hii ya pili. Yachemshe jioni, yatie kwenye friji na maganda yake, uyamenye wakati wa kula. Moja lina takriban gramu 6 za protini, na mawili na kiazi kimoja ni kifungua kinywa kamili. Yai lililopasuliwa na kujazwa kachumbari mapema, likashinda kwenye ndoo juani, mimi silili.

Asiye na friji asibebe kiporo, na hapa sina mjadala. Kwake kuna uji. Jioni changanya unga wa ulezi na maji, funika, uuache uchachuke hadi alfajiri, kisha upike kama dakika kumi huku ukikoroga na umimine kwenye chupa ya chai iliyopashwa. Ulezi una takriban miligramu 340 za kalsiamu katika kila gramu 100 za nafaka kavu, kiwango kikubwa kuliko cha nafaka nyingine tunazokula. Kuchachusha kunapunguza vizuizi vya asili vinavyoufanya mwili ushindwe kufyonza madini ya chuma. Kama uchachu unakushinda, ponda ndizi mbivu ndani yake badala ya sukari. Ndizi na parachichi zinakuja na ganda lake, hivyo hazidai friji wala kopo.

Karanga nunua nzima, chambua, na utupe kila iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki yote kwa kukaanga nyumbani. Mwaka 2016 sumu hiyo, ikiwa kwenye mahindi, iliua watu Dodoma na Manyara. Ndiyo sababu siwashauri watu kusagia karanga ndani ya unga wa uji na kuuweka kwa wiki nyingi. Karanga ikishasagwa, huwezi tena kuichambua.

Na chai je? Inywe, ila ipe nafasi. Vitu vinavyoipa chai ukakasi wake hushikamana na madini ya chuma ya maharage na ulezi, mwili ukayakosa. Kula kwanza, fuatisha kipande cha papai, pera au chungwa kwa ajili ya vitamini C, kisha chai ije saa moja baadaye. Nasisitiza hili kwa wanawake hasa: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asisogeze mlo wake wa asubuhi hadi saa nne kabla ya kushauriana na kliniki yake, hata kama chakula alichobeba ni kizuri kiasi gani.

Kwa waajiri nina ombi moja. Friji ndogo na mahali pa kupashia chakula ni gharama ya mara moja, na vinaondoa sehemu kubwa ya tabu niliyoieleza hapa. Kama ofisi yenu ina mashine ya kuchapa na haina friji, anzeni na friji.