Bakteria Aliyezima Mtambo Wake

Pale Jinja, Nile inapotoka Ziwa Viktoria, bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, limezalisha umeme tangu 1954 kwa kanuni moja: maji hukusanywa juu, yakiteremka huzungusha mitambo. Bakteria wengi huishi kwa kanuni hiyo hiyo, ila bwawa lao ni la protoni na ukuta wake ni utando. Protini za utandoni hupokezana elektroni zitokazo kwenye chakula, na nguvu ya mapokezano hayo husukuma protoni nje. Zikirudi huzungusha kimeng'enya kinachotengeneza ATP, nishati ya seli. Katika saitokromu, baadhi ya protini hizo, elektroni hupitia kwenye chembe ya chuma iliyoshikwa katikati ya hemu. Sisi tumezoea kuijua hemu kama kitu chekundu cha damu kibebacho oksijeni, mali ya mgonjwa tu. Nadhani hapo tunakosea. Ni kiungo cha mtambo wa mdudu anayemshambulia pia, na kuwapo au kukosekana kwake hubadili ugonjwa na dawa.

Wapo bakteria wasioweza kujitengenezea hemu. Haemophilus influenzae, ambaye Uganda ilianza kuwachanja watoto dhidi ya aina yake ya b mwaka 2002, huoteshwa maabara kwenye agari ya chokoleti, isiyo na chokoleti hata chembe: ni damu iliyopashwa moto hadi chembe zake zikapasuka na kumwaga hemu. Kutoka hapo ni rahisi kurukia mji wa Mbale, huko huko Uganda, ambako watoto wenye malaria kali hufikishwa hospitali wakikojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kwa kuwa chembe nyekundu zimepasuka mwilini. Je, damu yao si chakula cha bakteria? Kwa baadhi, huenda. Lakini Salmonella, anayeandamana mara nyingi na malaria, hujitengenezea hemu yake. Uchunguzi wa panya uliochapishwa 2012 ulionyesha njia nyingine: mwili ukihangaika kuivunja hemu iliyomwagika, chembe nyeupe hutoka kwenye uboho zikiwa changa, zikashindwa kuwaua bakteria ziliowameza.

Ushahidi mzito zaidi uko upande wa kukosa hemu. Jentamaisini, sindano wanayopewa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu pamoja na ampisilini, huingia ndani ya bakteria ikivutwa na chaji ya umeme ya utando ule ule. Mwaka 1997 watafiti waliharibu jeni moja ya kutengeneza hemu katika bakteria Staphylococcus aureus. Bila hemu mtambo wake ukafifia na chaji ya utando ikapungua: akakua polepole, akadumu ndani ya seli, na jentamaisini ikampata kwa shida. Alipoongezewa hemu, akarudi hali yake. Mtu atasema mdudu mchovu hivyo hana madhara, na kwamba ampisilini itammaliza. Hana kishindo, ni kweli, ila dawa za jamii ya penisilini huua vizuri wanaokua haraka, na huyu hakui haraka. Ndiyo maana bakteria wa namna hii hukutwa kwenye maambukizi sugu, ya mifupa hasa, yanayorudi baada ya dozi kukamilika. Hilo si sababu ya kuiacha jentamaisini, ambayo bado inaokoa watoto wengi. Ni sababu ya kutoitupa sahani ya maabara yenye sampuli ya mgonjwa wa namna hiyo baada ya saa 24 kwa kudhani haijaota kitu; koloni za mdudu huyu ni kama ncha za sindano, na huenda zikahitaji siku mbili au tatu kuonekana.