Ukinunua dau kuukuu, nunua na maneno yake

Ni mwanafunzi gani wa shule ya upili katika nchi hii asiyepata kukutana na methali isemayo "Dau la mnyonge haliendi joshi"? Huifundishwa, huikariri na huiandikia insha. Ukimwuliza maana yake, atakujibu bila kusita kwamba mambo ya maskini hayafanikiwi. Lakini mwulize swali la pili: joshi ni nini? Hapo wengi hunyamaza, na wasionyamaza hubahatisha kwamba joshi ni mwendo wa kasi. Walimu wao nao, aghalabu, hawana jibu lililo bora zaidi.

Makala haya yanadai jambo moja. Msamiati wa vyombo vya matanga si mabaki ya kuhifadhiwa kabatini pamoja na vigae vya kale. Ni maarifa ya kazi, na asiyeyajua hukosea hata maana ya methali anazozifundisha kila muhula. Ushahidi nitakaoutoa ni wa chombo kidogo kuukuu tulichokinunua kwa shirika, mimi na mwenzangu mmoja anayefundisha fizikia.

Chombo chenyewe ni cha aina iitwayo Mirror. Kilisanifiwa Uingereza mapema katika miaka ya 1960 na Jack Holt na Barry Bucknell, kwa udhamini wa gazeti la Daily Mirror la London, ambalo ndilo lililokipa jina na matanga yake mekundu. Shabaha ilikuwa kumwezesha mtu wa kipato cha kawaida ajiundie chombo nyumbani kwa mbao za plaiwudi. Urefu wake ni mita 3.3 tu, na mwili wake mtupu una uzito wa kilo 45 hivi. Vyombo zaidi ya 70,000 vya namna hii vimekwisha kuundwa. Miti yake yote ni mifupi kiasi cha kulazwa ndani ya chombo chenyewe, nacho chombo kikapandishwa juu ya trela dogo na kuvutwa na gari la kawaida. Chetu tuliuziwa Nairobi na mtu aliyekuwa akihama nchi, tukakivuta zaidi ya kilomita 500 hadi Kilifi.

Anayetaka kununua chombo kilichotumika hana budi kukikagua kama akaguavyo ng'ombe mnadani. Asitazame rangi, rangi huficha mengi. Apige mwili wake kwa kifundo cha kidole, pembe moja hadi nyingine, akisikiliza. Ubao mzima hulia kwa sauti kavu. Uliooza au ulioachana matabaka hulia kwa sauti butu. Achunguze maungio, hasa pale maji ya mvua yanapotuama. Ahakikishe kwamba vyumba vya hewa vinavyokifanya kielee hata kikipinduka havipitishi maji. Kisha afungue tanga, alikunje mkononi: likiwa laini kama leso iliyofuliwa mara nyingi, ajue kwamba limechoka.

Trela nalo lisisahauliwe, maana ndilo huharibika kwanza. Magurudumu yaliyokimbia barabarani huwa na joto. Yakizamishwa baharini papo hapo, hewa iliyomo ndani hupoa na kunywea, nayo huvuta maji ya chumvi hadi kwenye beringi, na kutu ikaanza kazi yake. Yaachwe yapoe kwanza. Na baada ya kushua chombo, trela lioshwe kwa maji baridi na kutiwa grisi upya. Jambo la mwisho ni la uhai na mauti: mlingoti usisimamishwe mahali nyaya za umeme zinapopita juu.

Hayo yote mtu huweza kuyasoma katika vitabu vya Kiingereza. Tusiyoyapata vitabuni tulifunzwa na mzee mmoja wa Kilifi, fundi wa vyombo, ambaye tulimwomba akitazame kabla hatujakishusha majini. Alikizunguka mara mbili. Akapitisha kidole chake kwenye maungio, kisha akasema, "Mwalimu, hiki kimeshonwa."

Na kweli kimeshonwa. Vipande vya plaiwudi vya Mirror hutobolewa pembeni, vikaunganishwa kwa nyuzi za shaba, ndipo maungio yakapakwa gundi na utepe wa nyuzi za kioo.

"Basi huu ni mtepe," akasema fundi, na kwake suala likawa limekwisha.

Msomaji wa bara huenda hajui kwamba mtepe ni chombo cha kale cha Waswahili wa visiwa vya kaskazini, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila ya misumari. Chombo cha namna hiyo kimetoweka, na pengine tungedhani kwamba na neno lake limetoweka nacho. Kumbe sivyo. Mzee yule alipokutana na kitu kigeni kutoka Ulaya, hakutafuta neno la kukopa. Alikitazama kilivyoundwa, akakiweka katika jamii yake. Kazi hiyo ndiyo sisi wanaisimu tunayoiita uainishaji, na huifanyia semina.

Tukaendelea hivyo sehemu baada ya sehemu. Mti wa kushikia usukani akauita kana. Kamba ya kutwekea tanga, henza. Sehemu ya mbele ni omo, ya nyuma ni tezi. Mti wa juu unaobeba tanga ulitutatiza, kwa kuwa katika Mirror mti huo husimama karibu wima, ilhali katika jahazi hulala mshazari. Fundi hakutatizika. "Foromali yenu imesimama, yetu imelala," akasema, "lakini ni foromali." Kamba inayoishika pembe ya chini ya mbele ya tanga, kule upepo unakotoka, ni goshi. Ile inayoishika pembe ya nyuma, ambayo baharia huivuta au kuilegeza kila upepo unapobadilika, ni demani. Kutokana na kamba hizo mbili huja pande mbili za bahari yote: upande wa goshini, ambako upepo unatoka, na upande wa demanini, ambako upepo unakwenda.

Palikuwa na kifaa kimoja tu ambacho hakuwa na jina lake. Nacho ni ule ubao unaoteremshwa katikati ya chombo hadi ndani ya maji ili kukizuia kisisukumwe kando. Alifikiri kidogo, akauita mkuku wa kushusha. Mkuku ni ule mti mrefu wa chini ambao ndio uti wa mgongo wa chombo. Tazama basi jinsi istilahi njema inavyozaliwa: neno la zamani likapewa kivumishi cha kazi yake, na kila asikiaye akaelewa mara moja. Kamati zetu za istilahi zingefaidika kwa kukaa siku moja kando ya fundi kama huyo.

Sasa turejee kwenye joshi. Hakuna chombo cha matanga kiwezacho kwenda moja kwa moja kuuelekea upepo. Chombo kizuri kama Mirror huweza kuukaribia kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Kwa hiyo nahodha anayetaka kufika goshini huenda mshazari upande huu, akageuza, akaenda mshazari upande wa pili, hivyo hivyo hadi afike. Mwendo huo wa kubishana na upepo huitwa kubisha. Na kuukaribia upepo kadiri iwezekanavyo ndiko kwenda joshi. Kwa hiyo joshi haina uhusiano na kasi. Kinyume chake, aendaye joshi huenda polepole, kwa taabu, akirushiwa maji usoni.

Ni nini kinachohitajika ili chombo kiende joshi? Mwenzangu wa fizikia atakuambia kwamba ni tanga lililokazwa vyema, lenye umbo lisilotepeta, na kitu ndani ya maji cha kukizuia chombo kisiteleze kando. Fundi wetu alisema hayo hayo kwa maneno machache zaidi: "Tanga zima, kamba zima, watu wa kutosha." Tulikishua chombo siku hiyo hiyo katika mkono wa bahari wa Kilifi, na kila tulipobisha tulijikuta tukisukumwa demanini. Tanga letu lilikuwa la miaka mingi, nalo lilifanya tumbo kila upepo ulipolijaza. Tulipokaza henza na kuishusha goshi kama tulivyoagizwa, chombo kikaanza kupanda kidogo kidogo kuelekea upepo. Si sana, lakini kikapanda.

Hapo ndipo methali inapopata maana yake kamili. Dau la mnyonge haliendi joshi kwa sababu tanga lake lina viraka, kamba zake zimenyooka, na hana fedha za kuwalipa mabaharia. Halina laana. Lina upungufu wa vifaa, na vifaa huweza kupatikana. Wengine huimalizia methali hiyo kwa kusema "likienda joshi ni Mungu kupenda", na hata nyongeza hiyo inakiri kwamba jambo hilo ni gumu, si muhali. Sasa linganisha na tunavyoifundisha. Tunamwambia mtoto wa maskini, aketiye mbele yetu bila kitabu, kwamba mambo ya maskini hayafanikiwi, na kwamba wahenga ndio waliosema. Wahenga hawakusema hivyo. Walimwonyesha mtu mwenye tanga bovu akiwa anasukumwa na upepo. Tofauti ya maana hizo mbili ni kubwa: ya kwanza humfunza mtoto kukata tamaa, ya pili humfunza kuuliza tanga zima linapatikana wapi.

Yapo pia manufaa mengine ya maneno haya, na haya hayangoji mtihani. Upepo mkali unapokipiga chombo kidogo ghafla, hakuna nafasi ya maelezo. Anayeongoza akisema, "Legeza demani!" na mwenzake akaelewa, chombo husimama wima. Akilazimika kusema, "Achia hiyo kamba, si hiyo, ile ya nyuma," watakuwa tayari majini, na heri yao ikiwa wamevaa jaketi za kuokolea maisha.

Wako watakaopinga. Watasema kwamba mashine zimechukua nafasi ya matanga, na kwamba lugha hai huacha maneno yasiyo na kazi yafe. Nakubali kwamba maneno hufa. Lakini je, haya hayana kazi? Fungua gazeti lolote la Kiswahili. Chama fulani kinakwenda mrama, kiongozi fulani ameshika usukani, timu fulani imeng'oa nanga, mpango fulani hauna dira. Hata sisi walimu wa sarufi tunapozungumzia muundo wa sentensi, tunatumia kitenzi kuunda, ambacho ni cha mafundi wa vyombo kabla hakijawa chetu. Mabaharia wametukopesha nusu ya sitiari zetu, nasi tunazitumia bila kumjua mwenye mali.

Wengine watasema kwamba hayo ni mambo ya Waswahili wa pwani, na mwanafunzi wa Kisumu yanamhusu nini? Yanamhusu sana. Wavuvi wa Ziwa Viktoria wametumia mitumbwi ya matanga kwa muda mrefu, na lugha za huko zina maneno yao wenyewe kwa upepo, kamba na miti. Mwanafunzi akiyaweka maneno hayo kando ya goshi na demani, atakuwa ameanza isimu linganishi bila kuambiwa jina lake.

La kusikitisha ni kwamba waliofanya bidii kubwa ya kuyaandika maneno haya ni wageni. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 imesheheni msamiati wa bahari, lakini ufafanuzi wake ni wa Kiingereza. Mwaka 1965 A. H. J. Prins, msomi wa Kiholanzi, alitoa kitabu kizima kuhusu utamaduni wa bahari wa Lamu, nacho pia ni cha Kiingereza. Hatuwezi kuwalaumu hao; twapaswa kuwashukuru. Lakini kazi ya kuyaeleza maneno haya kwa Kiswahili, pamoja na michoro na tofauti za lahaja, ingali inatungoja.

Ninapendekeza tuanze kwa hatua ndogo. Mwalimu achore dau ubaoni, wanafunzi wataje sehemu zake kabla ya kusoma methali yoyote ya bahari. Shule za pwani ziwatume wanafunzi kwa mafundi na manahodha wazee, na daftari mkononi, waandike neno pamoja na kazi yake. Vyuo vikuu viyakusanye madaftari hayo. Elimu ya umilisi inayosisitiza kutenda haina uwanja bora kuliko huo, wala haugharimu fedha nyingi.

Wahenga hao hao walisema kwamba hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni pale chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika na ambapo lazima mtu ashuke kuyafua. Walimu wenzangu, tumezunguka sana tezi na omo, tukitafuta istilahi London na kwingineko. Mafundi wetu wangali hai, lakini ni wazee. Tushuke ngamani mapema.