Nane Nane Mwanza: kabla hujalipia chumba, uliza haya

Kila mwaka kuanzia Agosti 1 hadi 8, uwanja wa Nyamhongolo wilayani Ilemela hujaa watu waliokuja kwenye maonesho ya wakulima kutoka Mwanza, Geita na Kagera. Mchana ni mbegu, ng'ombe wa maziwa, matrekta madogo na ufugaji wa samaki kwenye vizimba. Jioni ni muziki na nyama choma. Ikikaribia siku hiyo, wasikilizaji wetu wa Ukerewe, Sengerema, Magu na Misungwi hutuuliza swali moja: tulale wapi?

Swali hili tunalichukulia kwa uzito kwa sababu wengi mnakuja na hela. Ni miezi ya kuuza pamba, na wapo wanaobeba fedha ya kununua pampu ya kumwagilia au mashine ya kukoboa. Ukikosea pa kulala, unaweza kurudi nyumbani bila pampu na bila fedha.

Kwanza, kijijini tukisema hoteli tunamaanisha pa kula wali maharage. Mjini, hoteli ni pa kulala na bei yake iko juu. Wengi wetu tunatafuta gesti au lodji, na humo kuna vyumba vya choo cha nje na vyumba vya choo ndani, ambavyo wahudumu huviita selfu. Sema mapema unataka kipi.

Pili, angalia unashukia wapi. Nyamhongolo iko barabara ya Musoma, na stendi ya mabasi ya upande huo iko hukohuko. Anayetoka Magu au Bunda anashuka karibu kabisa na maonesho. Anayetoka Sengerema au Geita kwa basi, kupitia daraja la Kigongo-Busisi lililozinduliwa Juni 19, 2025, anafikia Nyegezi, upande mwingine wa jiji. Wa meli ya Ukerewe na wa kivuko cha Kamanga wanashukia mjini kati. Kishawishi ni kuchukua chumba pale pale ulipotua. Piga hesabu kwanza. Tuseme chumba cha mjini ni shilingi 15,000 na cha Nyakato, Buzuruga au Igoma ni 20,000. Umeokoa 5,000, lakini kila siku utalipa daladala kwenda, na usiku daladala zikipungua utapanda bodaboda ukiwa na mfuko wa fedha. Kwa siku tatu, sisi tungelipa hiyo 20,000.

Ila usisogee karibu mno. Gesti inayopakana na baa yenye spika itakesha na wewe. Hata Dublin, mji mkuu wa Ireland, sikukuu yao ya taifa ya Machi 17 ikifika, vyumba vya karibu na shamrashamra hupanda bei, na anayevipata hulipia kelele.

Ukipiga simu, usiulize tu "chumba bei gani?" Utatajiwa bei ya siku za kawaida, halafu ukifika uambiwe ni Nane Nane. Uliza hivi: "Usiku wa tarehe 7 kuamkia 8, chumba cha choo ndani, mtu mmoja, ni shilingi ngapi?" Kisha uliza kama wanaruhusu watu wawili wa jinsia moja chumba kimoja. Gesti nyingi zimebandika tangazo la kukataza, na majirani wawili waliopanga kuchangia gharama hujikuta wanalipia vyumba viwili.

Wakitaka utangulizi, tuma kiasi kidogo tu. Kabla hujaweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa tofauti na ulilotajiwa, acha. Na ukipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", usitume hata kama umetoka kuongea na gesti dakika hiyo hiyo. Piga tena namba ya mwanzo. Ujumbe wa kitapeli unautuma kwenda 15040.

Ukifika, omba uone chumba kabla ya kulipa. Jaribu kitasa na komeo la ndani. Tazama dirisha kama lina nondo. Fungua bomba. Angalia chandarua, mbu wa ziwani wanajulikana. Mhudumu akikwambia "kitaletwa baadaye", mwambie kiletwe sasa.

Fedha nyingi iache kwenye simu au benki, utoe siku ya kununua. Usiiache chini ya godoro, hapo ndipo kila mwizi anaanzia. Ukiombwa kuikabidhi kaunta, ikabidhi tu kwa maandishi yenye kiasi, jina na sahihi. Beba kitambulisho, kwa sababu utaandikwa kwenye kitabu cha wageni, na dai risiti.

Uliza pia saa ya kutoka. Sehemu nyingi ni saa 4 asubuhi, na siku ya kilele mgeni rasmi huwa hajapanda hata jukwaani. Kubaliana mapema mzigo wako ubaki wapi, la sivyo utauburuza uwanjani kutwa. Na wewe wa Ukerewe, ulizia saa ya meli ya tarehe 8 kabla hujaondoka nyumbani: ikikuacha, utalipia usiku mwingine, tena kwa bei watakayotaka wao.