Kamba Umeifunga Wapi?

Kijana, ukifika Newala mara ya kwanza lazima wenyeji watakupeleka Shimo la Mungu. Ni pale ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ardhi inapokatika ghafla na bonde la mto Ruvuma linaonekana chini kabisa, mbali. Hata wababe wa mtaa wakifika pale hurudi nyuma hatua moja. Hawahitaji kuambiwa, mwili wenyewe unajua.

Cha ajabu, kijana huyohuyo kesho yake utamkuta juu ya paa la jirani, miguuni kandambili, mkononi bati, upepo unavuma, wala hana habari. Eti hapa ni chini tu, mita tatu nne.

Hebu tupige hesabu. Mtu akiteleza kutoka mita nne, anafika chini kabla sekunde moja haijaisha. Anagonga ardhi kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 30 kwa saa. Hapo huna muda wa kushika kitu, hata "mama!" hulimalizi. Ukitangulia kichwa, mita tatu zinatosha kukuua. Ukitangulia kiuno, unaweza kupona lakini usitembee tena. Na sisi tunaojali afya ya vijana huwa tunaongea sana juu ya UKIMWI, malaria na pombe, tunasahau kwamba kijana mzima kabisa anaweza kupotezwa na paa la nyumba.

KWA NINI PAA, KWA NINI VIJANA?

Watu wa Newala mnaijua shida ya maji. Juu ya uwanda hakuna mito. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, lakini kwa miaka mingi familia nyingi zimeendelea kuitegemea mvua: bati juu, mfereji pembeni, kisima cha saruji chini. Kwa hiyo bati hapa si urembo. Pesa za korosho zinaanza kuingia kuanzia mwezi wa kumi hivi, na mvua nazo ziko njiani. Kila mwenye nyumba anataka paa lake liishe kabla ya mvua. Mafundi wanakimbizana, na anayepandishwa juu ni nani? Ni saidia fundi, ni deiwaka, ni wewe, kwa sababu wewe ni mwepesi na huogopi.

Wengine wenu mnapata kazi kwenye nguzo za umeme, minara ya simu na matanki ya maji. Huko angalau utapewa hanesi na kamba. Lakini kupewa kamba ni jambo moja, na kamba hiyo kukuokoa ni jambo jingine kabisa.

MKANDA, KAMBA NA PAHALI

Kinga ya kuanguka ina sehemu tatu, na ikikosekana moja hizo mbili hazina kazi.

Ya kwanza ni hanesi, yaani mikanda inayozunguka mapaja, kifua na mabega, yenye pete ya chuma mgongoni kati ya mabega. Usiichanganye na mkanda wa kiunoni, ule ambao wengi huuita "sefti belti". Mkanda wa kiunoni una kazi yake: fundi umeme anauegemea kwenye nguzo ili mikono yake iwe huru. Haukutengenezwa kumdaka mtu anayeanguka. Ukianguka nao, mshtuko wote unaishia tumboni na kwenye uti wa mgongo, au unachomoka na kwenda chini peke yako. Ndiyo maana Marekani, kuanzia tarehe 1 Januari 1998, ilikataza mkanda wa kiunoni kutumika kudaka mtu kazini.

Ya pili ni kamba yenyewe. Huwa ni utepe au kamba nene ya nailoni au poliesta, isiyozidi mita 2, yenye kulabu za chuma kwenye ncha. Kamba nzuri ina kifuko kilichoshonwa karibu na pete ya mgongoni. Hicho ni kipunguza mshtuko. Ndani yake kuna utepe uliokunjwa na kushonwa. Ukianguka, nyuzi zinakatika moja baada ya nyingine, utepe unakunjuka, na nguvu ya kuanguka inaishia humo badala ya kuishia kwenye mifupa yako. Kwa vipimo vya Ulaya, mshtuko unaoufikia mwili hautakiwi kuzidi uzito wa kama kilo 600. Hayo bado ni magunia sita ya kilo mia mia! Sasa fikiria kamba ya katani au ya manila uliyojifunga kiunoni, isiyopunguza chochote.

Ya tatu ni pahali unapoifunga. Hapa ndipo wengi wanapoharibu.

KAMBA NDEFU KULIKO NYUMBA

Sikiliza vizuri, kwa maana jambo hili hata mafundi wazoefu hawalijui.

Tuseme una kamba ya mita 2 yenye kipunguza mshtuko, nawe umeifunga usawa wa miguu yako. Ukianguka, kamba inanyooka mita 2. Kifuko kinakunjuka mpaka mita 1.75. Kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo zako ni kama mita 1.5. Weka na mita 1 ya akiba. Jumla ni mita 6.25 kutoka pale ulipofunga hadi chini.

Nyumba za kawaida za Newala au Masasi, ukingo wa paa uko mita ngapi? Tatu hivi. Kumbe utagonga ardhi kabla kamba haijamaliza kazi yake! Umevaa hanesi ya bei kali, kila mtu anakuona fundi wa kisasa, na kamba yako ni ndefu kuliko nyumba.

Kwa hiyo kwenye mnara wa simu, kamba ile inafaa, mradi uifunge juu ya kichwa chako, si chini ya miguu. Ukiifunga juu, unaanguka kidogo tu. Na wakati wa kupanda tumia kamba ya miguu miwili: unafunga kulabu moja ndipo unafungua nyingine. Isiwepo hata dakika moja ambapo kulabu zote mbili ziko hewani.

Kwenye paa la chini fanya kama unavyomfunga mbuzi. Mbuzi ukimfunga karibu na shamba la muhogo la mwenzako, unapima kamba ili asiufikie muhogo. Humsubiri aufikie ndipo umvute. Nawe funga kamba fupi kiasi kwamba huwezi kabisa kuufikia ukingo wa paa. Usipoufikia ukingo, hakuna kuanguka, hakuna hesabu ya mita sita. Kazi ikihama, hamisha na kamba.

Usifunge kwenye papi. Papi ni ubao mwembamba wa kushikilia bati na misumari yake hung'oka. Usifunge kwenye mfereji, kwenye dirisha wala kwenye tofali mbichi. Kenchi iliyokwisha kupigiliwa na kufungwa sawasawa na wenzake ni afadhali, ila fundi mkuu aikague kwanza. Mafundi wengine hupitisha kamba imara juu ya paa hadi upande wa pili na kuifunga kwenye shina la mwembe mkubwa, ikiwa imekazwa. Hiyo inasaidia kukuzuia usifike ukingoni, lakini wekea gunia pale kamba inapopita kwenye makali ya bati. Na usiifunge kwenye gari, hata kama dereva ni kaka yako. Gari huondoka.

IKAGUE KWA MIKONO, SI KWA MACHO TU

Kila asubuhi kabla ya kupanda, kaa chini dakika tano na kamba yako. Wenzako watacheka, waache wacheke. Soma kwanza lebo: imetengenezwa lini, mwisho wa matumizi ni lini, ilikaguliwa lini na mtaalamu. Ukaguzi huo wa mtaalamu unatakiwa angalau mara moja kila miezi 12. Lebo ikiwa imefutika, hujui umri wa kitu unachokikabidhi roho yako. Iache.

Halafu ipitishe kamba vidoleni, kipande kwa kipande, ukiikunja mgongo juu ili nyuzi zifunguke. Unatafuta mkato, hata mdogo. Unatafuta nyuzi zilizochomoza kama manyoya. Unatafuta sehemu iliyokuwa ngumu na kung'aa kama plastiki, maana hapo moto au cheche za kuchomelea zimepita. Rangi iliyopauka sana ni jua. Na jua la kwetu halina huruma, linaila nailoni kimyakimya. Angalia mishono mmoja mmoja. Uzi ukikatika, kamba hiyo haipandi leo.

Nenda kwenye kulabu. Fungua mlango wake uachie. Unatakiwa ujifunge na kujibana wenyewe bila kusaidiwa. Kutu, ufa, chuma kilichopinda, springi iliyolegea, vyote hivyo ni basi. Mwisho kagua kifuko cha kipunguza mshtuko. Kikiwa kimechanika au utepe umeanza kutoka, maana yake kamba hiyo imeshamdaka mtu. Kamba inadaka mara moja tu. Haishonwi, hairudishwi kwenye kifuko. Ikatwe vipande kwa kisu, kwa sababu ukiitupa nzima, mwingine ataiokota.

Vilevile usipige fundo kwenye kamba ili kuifupisha. Fundo linaweza kupunguza nguvu yake karibu nusu. Kamba ikiwa ndefu tafuta fupi. Nayo kamba ya mtumba ya sokoni, jamani, hata iwe safi namna gani, hujui ilimdaka nani na wapi. Usinunue.

Ukimaliza kazi, ifute kwa maji na sabuni kidogo, ianike kivulini, itundike pahali pakavu. Isilale stoo pamoja na salfa na dawa za mikorosho, wala karibu na maji ya betri ya sola. Kemikali zinaweza kuidhoofisha kamba bila kuacha alama unayoiona.

"FUNDI, NAIFUNGA WAPI?"

Tunajua, wengi mnaosoma hapa hamna hanesi, na fundi wenu naye hana. Anasema, "Dogo, panda bwana, mvua inakuja." Ufanyeje?

Muulize kwa heshima: "Fundi, kamba naifunga wapi?" Swali hilo halimvunjii mtu adabu, nalo linamlazimu aangalie juu. Kama hakuna kamba, ombeni jukwaa la mirunda lenye mbao za kutosha na ubao wa kushikia pembeni, mfanyie kazi za ukingoni mkiwa pale. Ngazi ifungwe juu; kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake utoke ukutani mita 1. Bati likiwa na umande au upepo ukiwa mkali, kazi isubiri. Karatasi moja ya bati kwenye upepo ni tanga, inakubeba.

Ukiwa umeajiriwa, iwe kampuni ya mnara au mkandarasi wa umeme, jua kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Si zawadi. Wakala wa serikali anayesimamia mambo haya ni OSHA. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Michango yake hulipwa na mwajiri, wewe hukatwi hata senti. Uliza siku ya kwanza ya kazi kama mwajiri amejisajili, usingoje uwe umelala wodini.

MWENZAKO AKIANGUKA

Akiwa ananing'inia kwenye hanesi, msimshangae. Damu inabaki miguuni na anaweza kuzimia baada ya dakika chache. Mwambieni achezeshe miguu, mumshushe haraka kwa ngazi, kisha mumlaze. Ndiyo maana ngazi haiondolewi chini mpaka wa mwisho ameshuka.

Akiwa amefika chini, usimwinue! Tumeona mtu anashikwa mikono na miguu, anabanwa katikati ya wawili kwenye bodaboda, mbio hospitali. Kama uti wa mgongo ulikuwa umevunjika bila kukata mishipa ya fahamu, safari hiyo inaikata. Mmoja apige magoti, ashike kichwa kwa mikono miwili kisitikisike. Asipewe maji wala chai. Kama anatoka damu, bana kidonda kwa kitambaa safi. Muulize kama anahisi vidole vya miguu. Leteni mlango au ubao mpana, mgeuzeni watu wanne kwa pamoja kama gogo, kichwa, mabega na kiuno kwa mstari mmoja, mumfunge kwa vitenge asisogee. Tafuteni gari ambalo ataweza kulala. Afadhali kuchelewa nusu saa mkisubiri pikapu.

Hospitalini mwambieni daktari ameanguka kutoka urefu gani, ameangukia nini, na alizimia au la. Siku hiyohiyo mmoja wenu aandike kwenye daftari tarehe, saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, jina la mwajiri na majina ya waliokuwepo. Na kama kulikuwa na kamba, iwekwe kando kama ilivyo. Isioshwe, isikatwe, wala mtu asipande nayo, mpaka wakaguzi waione.