Homa baada ya kuongezewa damu: usimsingizie mbu haraka

Leo tuache kidogo siasa na mpira.

Mtoto wa dada yangu aliishiwa damu, akaongezewa hospitali, akapata nafuu, tukarudi naye nyumbani. Siku kumi hivi baadaye homa ikapanda. Wote tukasema mbu. Daktari wa zahanati akauliza, "Aliongezewa damu lini?" Nikabaki namshangaa. Ikabidi nikasome.

Ishu iko hivi. WHO inataka kila mfuko wa damu upimwe Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Malaria inategemea hali ya nchi. Huku kwetu watu wazima wengi wanatembea na vimelea bila hata kuumwa kichwa. Ukiwakataa wote wasitoe damu, benki ya damu itabaki tupu.

Utasema, si wapime tu? Kipimo cha haraka huanza kuona vimelea vikifika kama 100 au 200 kwenye mikrolita moja, ambayo ni ndogo kuliko tone. Mwenye 10 ataambiwa hana. Lakini mfuko una mililita 450. Piga hesabu: vimelea milioni 4.5! Na friji haiviui mara moja.

Kumasi, Ghana, walijaribu kutibu damu kwa vitamini B2 na miale ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi. Matokeo yalitoka 2016. Kati ya wagonjwa wasio na vimelea waliopewa damu yenye vimelea, damu iliyotibiwa iliambukiza 1 kati ya 28. Ile ya kawaida, 8 kati ya 37.

Sasa sisi tufanyeje? Homa au baridi ikianza damu bado inaingia, mwite nesi hapo hapo. Ukisharudi nyumbani, homa yoyote ndani ya wiki chache nenda ukapime malaria, na useme mwenyewe kwamba uliongezewa damu na tarehe yake. Mfuko una namba, kwa hiyo hospitali ikiambiwa inaweza kufuatilia.

Dogo alipewa dawa, sasa anacheza. Ila mbu au mfuko, mpaka leo hatujui, maana tulichelewa kusema.

Na msiache kuchangia damu jamani, bila ile damu dogo asingekuwepo. Yameshawahi kukukuta? Tupia maoni hapo chini.