Mawe ya Nyongo: Tuulize Kabla ya Upasuaji
Mgonjwa ateremkaye kutoka Ngorongoro hadi Karatu, akapimwa na kuonekana ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, hudhani chanzo cha maumivu yake yote kimepatikana. Si lazima, hasa ikiwa kwa miaka mingi utumbo wake hujaa gesi, husokota, kisha hutulia baada ya haja kubwa. Maumivu ya mawe aghalabu hushika chini ya mbavu za kulia au chembe ya moyo, yakadumu zaidi ya nusu saa. Kuondoa nyongo hakutibu utumbo. Huweza hata kuleta kuharisha.

Ndugu msomaji, kabla ya kuuza ng'ombe kwa safari ya KCMC, Moshi, muulize daktari: ni maumivu yapi yatakayoondoka? Lakini yakiandamana na homa au macho ya manjano, usingoje, wahi hospitali.