PPR: mbuzi mgonjwa asipelekwe sokoni

Mbuzi anakataa majani. Kesho yake macho yanatoa machozi, pua inajaa kamasi nzito, mdomo unatoka vidonda, kisha anaanza kuhara na kukohoa. Mfugaji anawaza: afadhali nimuuze mbio kabla hajakufa, juu minervali ya watoto inangoja. Ni hapo shida inaanza.

Dalili hizo zinaweza kuwa za PPR, sotoka ya mbuzi na kondoo. Mwaka 2012, shirika la FAO lilitoa onyo kwamba inaenea katika RDC. Virusi vyake vinapita kwa pumzi, kamasi na mavi. Mbuzi mmoja mgonjwa anaambukiza wenzake sokoni, na jioni wanapelekwa vijiji mbalimbali. Mtu haambukizwi, lakini anaweza kupoteza karibu kundi lote.

Hakuna dawa ya kuua virusi hivyo. Kinga ni chanjo: sindano moja inalinda mnyama kwa miaka 3 hivi. Dunia imejiwekea lengo la kumaliza PPR kufikia 2030. Inawezekana, maana sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kwisha mwaka 2011. Lakini wachanjaji wanapaswa kwanza kujua ugonjwa uko wapi, na anayeuona wa kwanza ni mfugaji.

Kwa hiyo, ukiona dalili:
- tenga mgonjwa, usimuuze;
- usitoe mnyama yeyote wa kundi hilo;
- ita muganga wa mifugo mara moja;
- mzike aliyekufa kwa shimo refu.

Na mbuzi mpya akae peke yake wiki 3 kabla ya kuchanganywa na wengine.